Maneno ya Chini ya Ngazi

Katika kiwanda chetu cha kufulia kulikuwa na ngazi ya chuma iliyopanda kutoka kwenye mashine hadi ofisini, na hakuna aliyewahi kuipanda akarudi kuvaa aproni yake. Ukisikia "unaitwa juu", jua unga wako umemwagika. Unapanda, unaambiwa yako, unatolewa kwa mlango wa mbele upande wa barabarani, basi. Bosi wa zamani alikuwa hashuki. Alisimama dirishani huko juu, mikono nyuma, akitutazama kama mtu anayeangalia samaki kwenye tangi la kioo, na siku akichoka na sura ya mmoja wetu alimtuma msimamizi amwite. Hakuwahi kumwita mtu ampe pole ya msiba, wala amwambie asante. Ngazi ile ilikuwa na kazi moja tu.

Sisi nasi tukaitengenezea taratibu zake. Aliyeitwa alivua aproni, akaikunja, akaiweka kwenye kipandio cha kwanza. Kisha akagawa vitu vyake, kikombe kwa huyu, kandambili kwa yule. Halafu, na hapo ndipo watu walipozima mashine, alisema. Alisema yote aliyoyameza tangu aajiriwe, kwa yeyote aliyemtaka, na hakuna aliyeruhusiwa kumjibu, kwa sababu tayari tulimhesabu marehemu. Hata msimamizi alisimama akasikiliza. Tuliyaita maneno ya chini ya ngazi. Tulikuwa tukiyangoja kama watu wanaongoja harusi, mradi bibi harusi awe mwingine.

Kazi yetu ilikuwa mashuka ya hoteli na ya hospitali. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ndiye aliyekuwa kwenye mashine ya kunyooshea: rola kubwa la moto, yeye anaingiza shuka lenye unyevu upande huu, mimi nalipokea upande wa pili limenyooka kama karatasi, nalikunja. Tumetazamana juu ya rola lile muda mrefu kuliko niliomtazama marehemu mume wangu, na kwa utani mwingi zaidi. Nikimwambia ana mikono mizito, yeye ananiambia ulimi wangu ungeweza kukunja mashuka peke yake. Mshahara wake ndio uliokuwa nyumba nzima. Kaka yangu alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mgongo ukagoma, na tangu siku hiyo kazi yake ni kukaa kitini na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Wifi akikosa kazi, sufuria za nyumba ile zinalala kifudifudi. Nililijua hilo mimi, na yeye alilijua kila asubuhi alipokuwa akifunga kamba za aproni.

Bosi wa zamani akauza kiwanda akaenda zake, bila kuaga, kama alivyoishi. Wenye kiwanda wapya wakamleta binti mmoja mwembamba, viatu vya chini, ambaye kila akipita mashineni anasema "poleni na kazi". Tukamwita Pole-na-Kazi. Tukaambiwa cheo chake ni Afisa Rasilimali Watu. Mimi nimesoma shule ya msingi tu, na huko nilifundishwa kwamba rasilimali ni misitu na madini. Niliposikia kwamba na mimi ni rasilimali, nilikwenda nikajitazama kwenye kioo cha chooni. Sikuona dhahabu.

Binti huyo alitukusanya akatuuliza kama kuna tatizo lolote. Tulijibu kwa pamoja, kama darasa, kwamba hakuna. Akauliza mbona basi hoteli zinatukimbia moja baada ya nyingine. Tukatazama sakafu, tukasikitika sana, tukasema labda ni sabuni.

Wa kwanza kuitwa chini ya utawala wake alikuwa dereva wa gari la mizigo, mtu mchangamfu ambaye wateja walimpenda kuliko walivyotupenda sisi. Msimamizi wetu ndiye aliyempelekea habari. Huyo tulimwita Kipaza, kwa sauti yake iliyoshinda mashine zote, na kama sauti haikutosha alikuwa na filimbi shingoni. Dereva hakungoja hata kutoa maneno yake. Aliweka ufunguo juu ya boneti ya gari, akatoka kwa geti la nyuma, akayeyuka. Huko juu Pole-na-Kazi alingoja mpaka chai yake ikapoa, kisha akashuka kutuuliza kama yule baba anaumwa. Tukasema hatujui. Nilimtazama usoni, nikaona ameshangaa kweli, lakini nikadhani ni mbinu.

"Ana upole," nilimnong'oneza wifi, "kama wa sindano kabla haijakuingia."

Wifi hakucheka. Alisema akitoka dereva, wa pili atakuwa mtu wa umri wake yeye mwenyewe, maana vijana ni rahisi kuwalipa.

Na kweli. Ilikuwa siku ya kawaida tu, mvuke umejaa, kuta zinatoka jasho, mashuka ya hospitali yamerundikana kama milima. Kipaza alikuja taratibu, na hilo peke yake lilitutia baridi. Hakupuliza filimbi. Alisimama nyuma ya wifi akasema kwa sauti ndogo ambayo hatukujua kama anayo: "Mama, unaitwa juu."

Shuka lilikuwa nusu ndani, nusu nje. Wifi hakuliachia. Alilisindikiza kwa viganja mpaka ncha yake ya mwisho ikamezwa na rola, nami nikalipokea upande wangu nikalikunja kombo. Akilini nilimwona kaka yangu kitini, nikasikia mlio wa kifuniko kwenye sufuria tupu.

Wifi akavua aproni, akaiweka pale inapowekwa. Mashine zikazimwa moja moja mpaka kukawa kimya, kimya cha kuingia masikioni kama maji. Akagawa. Kikombe chake cha bati alimpa mwanamke wa mashine za kukaushia. Kandambili akampa binti wa kupanga taulo, akabaki miguu mitupu. Stuli yake ndogo, aliyoundiwa na kaka yangu enzi mgongo ukiwa bado mgongo, akanipa mimi.

"Kalia wewe, wifi," alisema. "Mimi sasa muda wa kukaa ninao."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani. Kisha akashika nguzo ya ngazi akatugeukia. Nilitegemea matusi, maana wengi huanzia huko. Yeye alianza na mashuka.

Akasema hoteli hazikuikimbia sabuni. Akasema sisi sote tukiona shuka lina doa tunalikunja ili doa likae ndani, kwa sababu anayerudisha shuka lifuliwe upya anapigiwa filimbi na kuitwa mvivu mbele za watu, kwa hiyo doa linasafiri salama mpaka kitandani kwa mgeni. Mimi, mkunjaji, nikaanza kuzichunguza kucha zangu. Akasema kile kizuizi cha chuma cha mbele ya rola, cha kukinga vidole, kiling'olewa ili mashuka yaende mbio, na kiko nyuma ya pipa la sabuni, na hakuna hapa asiyejua. Akasema binti wa taulo hakuungulia jikoni kwao. Aliungulia hapa, akaambiwa akiitaka kazi aseme ni jiko. Binti mwenyewe, kandambili za wifi mkononi, akauficha nyuma ya mgongo ule mkono wenye kovu, kana kwamba bado ni siri.

Chini ya ngazi ile tulishasikia mengi, mambo ya waume za watu na ndimi za watu, na tulirudi kazini tumefurahi. Haya yalikuwa yetu sote. Tulikuwa tukiyajua kila mtu kwa upande wake, lakini kuyasikia yakitamkwa kwa sauti yalitupiga kama ndoo ya maji ya baridi.

"Na wewe, mwanangu," akamwambia Kipaza, "sina ugomvi nawe. Ila umetupigia kelele miaka yote hii, na hujui hata mmoja wetu nyumbani kwake kuna nini."

Hapo akanikumbuka na mimi. Alichosema juu yangu, kuhusu stoo ya taulo na usingizi wa baada ya chakula cha mchana, ni mambo ya kifamilia na sitayaandika.

Akapanda. Tulisikia nyayo zake tupu kwenye chuma, kisha hatukusikia kitu.

Lipo jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Bosi wa zamani alikaa na mlango wa ofisi umefungwa na feni inavuma. Pole-na-Kazi alikuwa anaacha mlango wazi.

Tukangoja. Hakuna aliyewasha mashine na Kipaza hakutukumbusha. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye stuli. Nilikuwa natega sikio nisikie mlango wa mbele ukifungwa, nijue yamekwisha.

Badala yake tukasikia nyayo tupu kwenye chuma. Zinashuka.

Mwanamke wa mashine za kukaushia akadondosha kikombe. Binti wa taulo akarudi nyuma hatua mbili kama aliyeona mzuka. Wifi alishuka polepole, ameshika nguzo, uso umelowa, akafika kipandio cha mwisho, akainama, akaokota aproni yake. Alijaribu kufunga kamba, zikamponyoka. Nikaenda nikamfungia.

"Umefukuzwa?" nikamuuliza sikioni.

"Hapana."

"Sasa unalia nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa ghafla. "Wifi, wanasema mimi ndiye bora kuliko wote."

Aliyotusimulia hapo ni kwamba alimkuta Pole-na-Kazi amesimama katikati ya ofisi, mkono mdomoni, maana alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa amemwita ili ampe usimamizi wa sehemu nzima ya kunyoosha na kukunja, awafundishe na wageni wanaoingia. Hospitali ilishasema mashuka yanayotoka kwenye rola lake wanayatambua kwa macho. Wifi akadhani anachezewa. Alipoelewa kwamba hachezewi, alipandwa na hasira ambayo hata mwenyewe hakuitarajia.

"Nikamwambia, miaka yote hii nimefanya kazi hapa nikidhani navumiliwa tu," wifi alisema. "Kila nikisikia ngazi inalia, moyo unanipasuka. Mlishindwa nini kuniambia?"

Na Pole-na-Kazi hakujitetea kwamba yeye mgeni. Akauliza kwa sauti ndogo: na dereva, naye alidhani anafukuzwa? Wifi akamwambia ndiyo, hapa kuitwa juu maana yake ni hiyo, haina nyingine. Yule binti akakaa kitini kama aliyesukumwa. Alikuwa amemwita dereva amshukuru kwa yale ambayo wateja walikuwa wakiyasema juu yake, na amkabidhi gari jipya.

Tuliposikia hivyo tulipigwa na butwaa. Mtu mzima alikuwa ameikimbia asante. Ameiacha kazi aliyoipenda, ametoka na geti la nyuma kama mwizi, kwa sababu ya maneno mawili tu. Na sisi tuliosimama pale tukimtazama anaondoka, hakuna hata mmoja aliyefikiria kumwambia, hebu panda kwanza usikie. Ingetutoka wapi fikra hiyo? Hata mimi ningekimbia, tena kwa geti hilo hilo, na taulo moja au mbili.

Wakati huo Pole-na-Kazi akatokea juu ya ngazi. Alikuwa bado hana rangi usoni. Akasema, kwa adabu yake ile ile: "Naomba msimamizi apande juu."

Maneno yalipomtoka tu, alishtukia alichosema. Niliona akiuziba mdomo. Lakini neno lilikuwa limekwisha kushuka ngazi, na Kipaza alikuwa amekwisha kuivua filimbi shingoni.

Hatukupanga kumzunguka, tulijikuta tumemzunguka. Wote mnajua tulichokuwa tunangoja. Nilijisogeza mbele na stuli yangu ili nisikose hata neno. Kipaza akaiweka filimbi kwenye kipandio cha kwanza, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Hakuwa na kikombe cha kugawa. Hakuwahi kunywa chai na sisi.

"Nilipewa hii siku ya kwanza," alisema, na sauti ilikuwa ile ndogo. "Niliambiwa, ukiona wanacheka, ujue umeshindwa kazi. Sikuambiwa kingine chochote, mpaka leo."

Akaendelea, na ilibidi tusogee ili tumsikie, Kipaza huyo huyo. Akasema bosi alikuwa anasimama dirishani, na mashuka yakichelewa anagonga kioo kwa pete yake, na yeye akiusikia ule mlio wa pete anaacha kufikiri. Siku kioo kilipogongwa mara nyingi ndipo alipoking'oa kizuizi. Alikuwa akirudi nyumbani hana sauti hata ya kuomba maji. Watoto wake wanadhani wana baba mpole asiyependa kuongea.

"Nyumbani kwangu," alisema, "wananiita Bubu."

Mtu mmoja akacheka, na sitasema ni nani, ila alikuwa amekalia stuli. Kicheko kikaruka kwa mwingine na kwa mwingine, mpaka Kipaza mwenyewe akaanza kutikisika mabega, na nilipotazama vizuri nikaona hacheki. Nilijisikia vibaya. Mwanamume niliyemchukia kwa bidii na kwa moyo mmoja, kumbe naye alikuwa akiamka kila siku akiiogopa ngazi hiyo hiyo.

Alimgeukia binti wa taulo. Akasema uongo wa jiko aliutunga yeye, na jiko halina kosa. Binti hakumjibu, taratibu hazikuruhusu. Lakini aliuleta mbele ule mkono, akauacha wazi, ili kila mtu auone.

Pole-na-Kazi hakumngoja apande. Alishuka yeye, akakaa kwenye kipandio cha tatu na sketi yake safi, mahali ambapo hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kukaa. Akasema mbele yetu kwamba la mkono halipiti hivi hivi. Msimamizi hatasimamia mtu tena, na siku hiyo hiyo yeye Pole-na-Kazi mwenyewe atampeleka binti wa taulo kwa daktari na kueleza alipoungulia. Akamwambia Kipaza kwamba kazi ya kupakia magari ipo, kama anaiweza bila filimbi. Kipaza alikwenda nyuma ya pipa la sabuni, akakitoa kizuizi, akapiga magoti mbele ya rola, akaanza kukifunga kwa mkono.

Kisha Pole-na-Kazi akamgeukia wifi, akamuuliza kama amekubali kazi aliyopewa.

Nilimkanyaga wifi mguu, kumkumbusha kaka yangu kitini. Alikuwa miguu mitupu, akaruka. Lakini hakusema ndiyo.

"Nitaichukua," alisema, "ila mimi juu sipandi tena, na watu wangu hawapandi. Mwenye neno na sisi, jema au baya, ashuke alilete hapa rolani. Na shuka lenye doa likirudishwa kufuliwa, aliyelirudisha asitukanwe."

Pole-na-Kazi akasema, "Sawa, mama." Tulishtuka kuliko tulivyoshtuka siku nzima, maana hatukujua kwamba huko juu kuna watu wanaoweza kusema sawa.

Jioni mimi ndiye niliyetangulia kumpa kaka habari, na kwa vile mimi ni mimi, nilianza na "mkeo leo ameitwa juu", nikaomba maji, nikayanywa yote. Rangi ilimhama. Mgongo uliogoma ukamsimamisha wima. Wifi alipoingia alinikuta nakimbizwa kwa fimbo ya kutembelea, na nadhani daktari angefurahi kuona.

Mambo hayakunyooka siku moja. Pole-na-Kazi aliteremsha meza ndogo na viti viwili, akaviweka karibu na rola, akawa anaongea na mmoja mmoja, kazi inakwendaje, unataka kujifunza nini, umechoshwa na nini. Mwanzoni kila alipomkaribia mtu, mtu anaanza kuvua aproni. Mwanamke wa mashine za kukaushia aliulizwa tu kama ana furaha, akaanza kugawa vikombe. Lakini mashuka yenye madoa yakawa yanarudi kufuliwa mchana kweupe, na hoteli moja ikarudi, kisha nyingine ikatuma mtu kuuliza. Dereva alitafutwa mpaka akapatikana. Alikataa kuja mpaka wifi alipokwenda mwenyewe kumwambia, na hata hapo aliingia kwa geti la nyuma.

Ninalotaka kumalizia ni la njiani, siku ile ile, kabla sijamtangulia kuingia nyumbani. Tulikuwa tunatembea, mimi nimebeba stuli, yeye amerudishiwa kandambili zake. Ghafla akasimama.

"Wifi," akasema, "wewe umepokea mashuka yangu muda wote huo. Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba nafanya vizuri."

Nikamwambia bila shaka nilijua. Hata kipofu angejua kwa kushika tu.

"Mbona hukuniambia?"

Huo ndio mshtuko wa siku ile ambao bado haujanitoka. Nilikuwa na majibu yangu ya kejeli, huwa hayakosekani, lakini yalinikimbia yote. Hapo katikati yetu hapakuwa na ngazi wala mlango. Palikuwa na rola tu, na shuka lililotoka kwake likaja kwangu, na mimi mwenye ulimi wa kukunja mashuka peke yake.

"Nikuambie halafu unipande kichwani?" nilisema mwishowe.

Akacheka, nikacheka, akaichukua stuli yake mkononi mwangu. Mguu mmoja wa stuli ulikuwa umelegea tangu nilipojisogeza nayo kumsikiliza Kipaza. Hilo nalo sikumwambia.